Mahari ya Afisa Uhakiki

Gari la matangazo lilipopita stendi ya Bunda Jumatatu ile mchana, wateja wote wa Mama Marieta waliendelea kula, isipokuwa mmoja. Gody Kasmiri alimwona huyo mmoja. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya pama, na mkononi alishika tonge la ugali wa muhogo lililokwisha kuchovywa kwenye mchuzi wa sato. Tonge lile likabaki njiani, kati ya sahani na mdomo, muda wote spika ilipokuwa ikisema.

"Wananchi wa kijiji cha Nyabwera mnatangaziwa! Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uwanja wa shule, ni kura ya siri ya kuwataja wezi wa ng'ombe! Kila mtu mzima ataandika jina la mwizi anayemjua! Usiogope, huandiki jina lako, unaandika la mwizi!"

Gari likaenda zake na vumbi lake. Tonge likashuka taratibu, likarudi sahani. Yule mtu akaomba maji ya kunawa ilhali samaki hajafika hata nusu, na mtu wa Mara akimwacha sato nusu, basi ama anaumwa ama ana jambo. Huyu hakuwa anaumwa.

Ni vizuri kumjua Gody mapema, maana yeye mwenyewe asingekuambia ukweli. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mkazi wa Nyakato pale Musoma, mwenye shati la kupigwa pasi na kazi isiyojulikana. Aliwahi kuwa karani wa uchaguzi kwa siku moja. Jioni alirudisha kila kitu alichokabidhiwa isipokuwa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, na tangu siku hiyo kizibao kile kilishakuwa mkaguzi wa vyoo, mpimaji wa barabara, na mara moja, kule ufukweni, afisa wa kuandikisha mitumbwi upya. Gody hakuwahi kuvunja mlango wa mtu wala kukata kamba ya mbuzi. Wezi aliwadharau kutoka moyoni. Aliamini kwamba mtu mwenye akili hachukui mali ya watu, bali hupewa.

Wiki ile alikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa na jina: Hilda, binti wa Mzee Mniko, wa kijiji kimoja nyuma ya Butiama. Gody alimpenda Hilda kwa dhati, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya kwa dhati maishani mwake. Mzee Mniko alikuwa amemwambia waziwazi: ng'ombe kumi, tena ifikapo Ijumaa, kwa sababu Jumapili wanakuja watu wa Mhoja, muuza dagaa wa Mukendo, nao hawaji mikono mitupu.

"Na sitaki ng'ombe wa jana," mzee alimwonya. "Jirani yangu alipokea mahari ya ng'ombe wa wizi. Wenyewe wakafuata nyayo mpaka zizini kwake, ukoo mzima ukalipa. Mimi nataka ng'ombe waliokulia kwako, na barua ya kijiji ithibitishe. Bila barua, baki na ng'ombe zako, mura, kijana wangu."

Gody hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Ila sasa, kwenye benchi la Mama Marieta, alikuwa na kitu kizuri zaidi: mtu aliyeshindwa kumeza.

"Yule ni nani?" akamuuliza mama wa mgahawa.

"Bernado, mchuuzi wa ng'ombe wa Nyabwera. Mbona ameacha samaki? Hana chumvi?"

Gody akavaa kizibao na kutoka.

Alimkuta Bernado amesimama kando ya pikipiki yake akitafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Bernado."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Godfrey, Afisa Uhakiki wa Kura za Wezi, kutoka mkoani. Sikucheleweshi. Nimekuja tu kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kura."

"Kura si Jumamosi?"

"Hizo ni za hadhara. Za awali zilishapigwa."

"Zimepigwa lini? Mbona sijaitwa?"

Gody akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, anayepigiwa haitwagi."

Bernado akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea karibu. "Ngapi?"

Hapo ndipo Gody alipotaka kumkumbatia. Mtu asiye na lake angeuliza, "Mimi?" Angepiga kelele, angeapa, angemwita mama yake marehemu. Bernado aliuliza idadi.

"Arobaini na moja," Gody akasema. Alijua kwamba arobaini kamili ingetia shaka. "Zinaweza kupunguzwa. Ndiyo kazi yangu, kuhakiki."

"Mimi nanunuaga tu!" Bernado akalia bila kuulizwa. "Mtu ananiletea ng'ombe alfajiri, bei nzuri, mimi ni nani nianze kumhoji? Nikimhoji anampelekea mwenzangu. Sasa hapo nani kaiba? Mimi nimenunua!"

"Hayo ndiyo tunayoyahakiki," alisema Gody kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Jumanne akaingia Nyabwera kwenyewe. Bernado alikuwa amemtajia wengine wawili, kwa wema tu, kwamba kama kuna kura zinatafuta mahali pa kwenda, hao wana nafasi.

Wa kwanza alikuwa Jenoveva, mwenye bucha, mama mrefu mwenye sauti nzito aliyeongoza kwaya ya kanisa kila Jumapili na kupasua mifupa siku nyingine zote. Alimsikiliza Gody huku akinoa kisu. Alipoambiwa kura hamsini na tatu, kisu kikasimama.

"Ni Eunice, sio? Yule mjane! Ng'ombe wake wanne walipotea mwezi uliopita, tangu hapo nikimsalimia anaitikia kama kalazimishwa."

"Kura ni siri, mama."

"Sikiliza, mwanangu. Bucha haimuulizi ng'ombe kwao ni wapi. Watu wanataka nyama ya bei ndogo. Hao hao wanaopiga kura, Jumapili wamepanga foleni hapa. Nikiuza ya halali, nani atainunua? Hata mchungaji analalamikaga bei!"

Wa pili alikuwa Enos, na huyu alimfurahisha Gody kupita wote, kwa sababu Enos ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu. Ndiye aliyepewa kijiji akilinde. Alikuwa na filimbi shingoni na rungu lililopakwa mafuta, na alipotajiwa kura zake sitini na nane alikaa chini juu ya ndoo.

"Mimi huwa nasindikiza tu," alisema. "Wakipita usiku, najua njia ambayo doria haipiti. Sasa kama doria mimi ndiye naipanga, nifanyeje? Sungusungu hatuna mshahara, afisa. Viatu hivi nimenunua mwenyewe."

Kwa siku mbili Gody alisikia maungamo mengi kuliko padri wakati wa Kwaresima. Kila mtu alikuwa na sababu. Mmoja alisukumwa na soko, mwingine na wateja, mwingine na viatu. Hakuna aliyekuwa ameiba. Ng'ombe wa Nyabwera, kwa maelezo yote yaliyotolewa, walikuwa wanajiiba wenyewe, wanatembea usiku kwa hiari yao hadi kwenye ndoano ya bucha.

Jumatano jioni akawakusanya watatu hao nyuma ya bucha. Bernado alikuja na bahasha. Gody akaikataa kwa mkono.

"Hela ina kelele. Ukituma kwa simu inaandika meseji, ukitoa benki wanaandika. Ng'ombe haandiki meseji. Nataka ng'ombe kumi. Mzee Bernado wanne, mama watatu, kamanda watatu. Majina yanatoka kwenye orodha kesho asubuhi."

Alijiandaa kwa mabishano ya saa nzima. Pale Bunda mtu hubishania nyanya mbili mpaka muuzaji atishie kufunga meza. Lakini Bernado alisema, "Sawa." Enos akasema, "Sawa kabisa." Jenoveva akauliza tu kama angewachukua wote siku hiyo hiyo.

"Kesho alfajiri," akasema Gody, akistaajabia utamu wa ulimi wake.

"Hata sasa hivi kuna mwanga," alisema Jenoveva.

"Kuna jambo moja zaidi. Nataka barua, yenye muhuri wa sungusungu."

Wakatazamana. "Barua inayosemaje?"

Gody akatoa karatasi aliyokwisha kuiandika kwa mwandiko wake mzuri wa karani, akawasomea: "'Sisi tuliosaini hapa chini tunathibitisha kwamba ng'ombe kumi wenye rangi zilizotajwa ni mali ya Gody Kasmiri, kwamba amewafuga mwenyewe hapa Nyabwera tangu wakiwa ndama, na kwamba sisi hatujawahi kuwamiliki wala kuwagusa.'"

Hayo maneno "wala kuwagusa" aliyaongeza kwa sababu yalimpendeza masikioni.

"Gody Kasmiri ndiye nani?" Enos akauliza.

"Ni mimi. Godfrey ni jina la kazini. Ofisi hairuhusiwi kumiliki ng'ombe, lazima iwe jina la mtu."

Jenoveva akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, midomo ikimcheza. Akairudia tena. Halafu uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeombewa akapona.

"Enos," akasema polepole, "saini. Afisa ana haraka zake."

Enos akasaini. Bernado akasaini, akauliza kama haiwezekani kusaini mara mbili. Jenoveva akasaini kwa jina lake kamili la ubatizo, akamfungia Gody kilo moja ya maini kwenye gazeti, ya njiani. Gody alikwenda kulala akiwa na hakika kwamba mkoa mzima wa Mara haujawahi kuzaa wajinga kama hawa.

Alhamisi alfajiri akaondoka na ng'ombe kumi na mzee mmoja wa kukodi wa kuwachunga. Walikuwa ng'ombe wazuri: majike sita walionenepa, dume mwekundu, na wengine watatu, mmoja wao mweusi mwenye sikio lililochanika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hereni ya usajili sikioni, na sehemu za kuwekea chapa zilionekana kama zimechomwa mara mbili. Gody, mtu wa mjini, alidhani ng'ombe ndivyo walivyo. Wakalala Kiabakari. Ijumaa adhuhuri wakaingia kwa Mzee Mniko huku wanawake wakipiga vigelegele.

Wazee wa ukoo wakawazunguka ng'ombe, wakawashika nundu, wakawafungua midomo. Barua ikasomwa kwa sauti. Ilipofika kwenye "tangu wakiwa ndama," Mzee Mniko akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umewafuga mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, baba mkwe. Huyu mweusi nilimnyonyesha kwa chupa."

Hilda alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Hakupiga kigelegele. Alipopata nafasi akampitia Gody karibu na sinia la maji.

"Gody, wewe juzi ulishindwa kutofautisha beberu na jike la mbuzi. Ng'ombe hawa wa wapi?"

"Wa jasho langu."

"Niambie mimi tu. Hata kama ni jambo baya, niambie sasa."

Alikuwa akimtazama kwa namna iliyomfanya Gody karibu aseme. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini mbuzi alikuwa tayari yuko juu ya moto, wazee walikuwa wanamwita mkwe, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuketishwa kwenye kiti chenye mgongo. Akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi.

Nyama haikuwa imeiva sawasawa mayowe yalipoanza kusikika toka barabarani, yale mayowe ya kuitana ambayo kila mtu wa huko hujua maana yake hata akiwa usingizini. Kundi la watu kama arobaini likatokea, mikuki na marungu juu, na mbele yao Enos akitembea ameinama, akitazama ardhi kwa makini makubwa. Alikuwa anafuata nyayo. Alizifuata kwa uangalifu, akipinda zilipopinda na kusimama kila palipokuwa na kinyesi, ingawa Alhamisi alfajiri mwenyewe alikuwa amewafungulia ng'ombe hao lango na kumtakia Gody safari njema. Nyayo zikampeleka hadi zizini. Hapo akanyoosha mgongo na kupuliza filimbi.

"Nyayo za ng'ombe wa wizi zimeishia hapa!"

Mzee Mniko aliinuka. Kwa desturi ya huko, nyayo zikiishia kwako, ama unamtoa mwizi ama kijiji chako kinalipa, na kijiji kizima kilikuwa tayari kimeanza kumtazama.

Kutoka nyuma ya kundi akapenya mwanamke mmoja mwembamba mwenye kanga iliyofifia. Huyo alikuwa Eunice, yule mjane. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mweusi mwenye sikio lililochanika, akamshika shingo, akaweka paji lake la uso kwenye paji la ng'ombe, akaanza kulia bila sauti. Kisha akawaonyesha wengine watatu, mmoja mmoja, akitaja kila mmoja alizaliwa mwaka gani na nani alikuwa anasoma shule kwa maziwa yake.

Gody aliona aibu. Haikudumu, lakini ilikuwa aibu ya kweli. Hadi dakika ile hakuwa amewahi kufikiri kwamba ng'ombe wa wizi ana mwenyewe.

"Nani kawaleta?" Enos akaunguruma.

"Huyu," alisema Mzee Mniko, akionyesha kidole kwa haraka ambayo hakuwa ameionyesha kwa miaka mingi. "Na barua yake hii hapa. Ina saini yako, kamanda."

"Ndiyo. Alituambia ni wake, tangu ndama. Sisi tukamwamini, kwa sababu sisi ni watu wa imani." Enos akaiinua barua kila mtu aione. "Na soma hapa. Sisi hatujawahi kuwagusa. Mwandiko ni wa nani huu?"

Ulikuwa wa Gody. Herufi zake nzuri za karani zilikuwa zimelala pale kwenye mistari, hazina pa kukimbilia. Ndipo alipoelewa kwa nini hakuna aliyebisha bei. Walikuwa na mzigo wa kuwanyonga, mkutano uko siku tatu mbele, na yeye akaja kwa miguu yake, akaubeba, akaandika hati kwamba ni wake.

Mikuki ikasogea. Gody akaruka juu ya kiti chenye mgongo.

"Mimi si mwizi!" akapiga kelele. "Mimi ni tapeli!"

Mikuki ikasimama, maana watu hawakuwahi kusikia utetezi wa namna hiyo.

"Niliwatapeli! Huyu Enos, na Bernado, na Jenoveva! Niliwaambia mimi ni afisa wa kura, wakaniogopa, wakanipa hawa ng'ombe! Wao ndio wezi! Mimi nilidanganya tu!"

Kicheko kikaanzia kwa wazee, kikaenea mpaka kwa wenye mikuki. "Mtu apewe ng'ombe kumi kwa kuvaa kizibao!" mmoja akasema, akijifuta macho. "Basi na mimi nitashona."

"Hilda," Gody akamgeukia. "Wewe unajua. Wewe ndiye unanijua."

Hilda akaweka sinia chini. "Kama uliwatapeli," akasema, "nionyeshe mmoja wao analalamika."

Gody akamtazama Enos. Enos hakuwa analalamika. Kusema kweli, hakuwahi kuonekana mwenye afya nzuri namna ile.

Wakamfunga mikono kwa kamba ile ile ya yule dume mwekundu, wakatembea usiku kucha kumrudisha Nyabwera pamoja na ng'ombe. Hawakumpiga sana, kwa sababu mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja kesho yake na kamati ya kijiji ilitaka mtu wa kumwonyesha akiwa na uso.

Jumamosi uwanja wa shule ulifurika. Mgeni akahutubia juu ya ushirikiano wa wananchi. Kwaya ya Jenoveva ikaimba nyimbo tatu, ya mwisho ikiwa ndefu. Karani akaeleza utaratibu: kila mtu mzima karatasi moja, kila karatasi jina moja, yenye zaidi ya jina moja imeharibika.

"Na mtuhumiwa?" mgeni akauliza. "Ni mkazi?"

Kamati ikafungua barua. Ilisema amefuga hapa hapa Nyabwera tangu ng'ombe wakiwa ndama, kwa hiyo kwa vyovyote vile alikuwa mkazi. Wakamfungua mkono wa kulia, wakampa karatasi na kalamu.

Gody aliinama juu ya karatasi ile muda mrefu. Alikuwa ameandika mengi maishani: risiti za vyoo visivyokaguliwa, leseni za mitumbwi, barua ya kujinyonga mwenyewe. Safari hii alitaka kuandika kweli. Akaandika Enos. Akatazama jina, akaona Bernado anavuta sigara kwa raha pale chini ya bendera. Akaandika Bernado. Kisha akamsikia Jenoveva anakohoa kusafisha koo kwa ajili ya wimbo wa nne. Utaratibu aliujua kuliko mtu yeyote pale uwanjani, kwa kuwa aliwahi kulipwa kuusimamia, na bado mkono ulimshinda. Akaandika na la tatu.

Karani akasoma kura kwa sauti. "Gody Kasmiri. Gody Kasmiri. Gody Kasmiri." Watu waliokuwa hawajawahi kumwona hadi asubuhi hiyo walikuwa wamemwandika, wengine Godi, wengine Kasmili, mmoja "huyo aliyefungwa kamba." Kura mia tatu na tisa. Imeharibika moja.

Karani aliitazama ile moja, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Mgeni akasimama, akasema katika kazi yake hajawahi kuona kijiji chenye umoja kama Nyabwera. Makofi yakapigwa. Eunice akakabidhiwa ng'ombe wake wanne mbele ya watu wote. Sita waliobaki, kwa kuwa wenyewe hawakujitokeza, wakawekwa chini ya uangalizi wa kamati ya mifugo iliyopotea: mwenyekiti Enos, katibu Bernado, mweka hazina Jenoveva.

Baada ya majuma matatu Hilda alikwenda kumwona Gody mahabusu, Musoma. Alimletea ndizi za kuchemsha kwenye kopo. Wakaketi, katikati yao kuna askari mmoja na meza.

"Ng'ombe wa Eunice wameibwa tena," Hilda akasema. "Wawili."

Gody akainuka nusu. "Umeona? Mimi niko humu! Sasa wanaelewa!"

"Wanasema una mtandao. Wanasema ukiwa ndani ndiyo unaiba vizuri zaidi, kwa sababu hakuna anayekuona. Enos ameomba doria iongezwe. Wanapiga kura nyingine mwezi ujao, na jina lako wameshalichapa kabisa ili wasioandika vizuri wasipate shida."

Gody akakaa.

"Watu wa Mhoja walichelewa, wakaja juzi," Hilda akaendelea, akitazama kopo. "Na ng'ombe kumi. Sita wamenunua mnadani, kwenye kamati. Wana muhuri na risiti, na mgeni wa wilayani kaweka saini. Nimewatazama. Dume mwekundu ni yule yule."

"Mzee kawapokea?"

"Wana muhuri, Gody."

"Ni wa wizi! Hilda, nakuapia, ni wa wizi wale!"

Askari akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Huyu kwa ng'ombe wa wizi," akasema, "anawajuaga kwa jina."

Hilda hakucheka. Alisema anajua ni wa wizi, alijua tangu siku ile mlangoni mwa jiko, na alikuwa amemwomba amwambie yeye tu. Kisha akamwambia ale ndizi zingali na moto, akachukua kifuniko cha kopo, akatoka kuwahi gari la Butiama.